Abubakar ar-Razi na Chanzo cha Maradhi

Huku kwetu pwani mtu akiugua, swali la kwanza waulizalo jamaa si atapewa dawa gani, bali ni kitu gani kilichompata. Akiwa ni mtoto aliyeshikwa na degedege, hawakosekani wa kusema kuwa ni shetani mwenye sura ya ndege apitaye usiku juu ya paa, na ndugu zetu Wamijikenda huuita ugonjwa huo nyuni, yaani ndege. Akiwa ni mzee ambaye magoti yamemkaza, ana baridi yabisi. Akiwa ni bibi arusi aliyeanza kukonda, kapigwa jicho. Jino likiuma, lina mdudu. Na homa yoyote ile siku hizi ni malaria, hata kabla damu haijapimwa.

Sisemi haya kwa kuwacheka wazee wetu, kwani kila taifa lina yake. Waitalia wa kale waliona kuwa homa za mabwawani huletwa na hewa iliyooza, na jina la malaria maana yake ni hiyo hewa mbaya. Mafua makali wakayaita influenza, wakiamini kwamba ni nyota za mbinguni zinazoingilia afya za watu. Mdudu wa jino tunamkuta katika maandishi ya Babeli, karne nyingi kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Akaaminiwa China, India na Ulaya, mpaka tabibu wa meno wa Kifaransa, Pierre Fauchard, alipoandika mwaka 1728 kwamba amemtafuta kwa darubini asimwone. Ndui nayo, huko Bengal ilikuwa ni ujio wa Shitala, mungu wao wa kike; kwa Wayoruba ilikuwa ni hasira za Shopona; na Ulaya walimzungushia mgonjwa vitambaa vyekundu kitandani wakitumaini kuwa rangi ile itavuta sumu nje.

Mtu nitakayemweleza leo aliishi umri wake wote katikati ya mambo kama hayo. Naye ni Abubakar Muhammad bin Zakariya ar-Razi, ambaye Wazungu humwita Rhazes. Wasomaji wasimchanganye na Imamu Fakhruddin ar-Razi, mwenye ile tafsiri kubwa ya Qur'ani, aliyefariki Herat mwaka 606 Hijria. Wote wawili asili yao ni mji wa Rayy, na Razi ni nisba ya mji huo tu, kama vile wanazuoni wetu wengine walivyoitwa al-Barawi kwa kuwa ni watu wa Barawa.

Tabibu wetu alizaliwa Rayy, karibu na mahali ulipo mji wa Tehran leo, mwaka 251 Hijria, yaani 865 Miladia. Habari za ujana wake ni chache. Waandishi wa tarikh wanasema kuwa alikuwa hodari wa kupiga udi, ala ile ile tunayoisikia katika taarabu, na kwamba alijishughulisha pia na alkemia, elimu ya wale waliotafuta njia ya kugeuza madini duni kuwa dhahabu. Utabibu aliuingia akiwa ameshakuwa mtu mzima. Lakini alipouingia, hakutoka tena. Alikuwa mkuu wa hospitali ya Rayy, kisha akawa mkuu wa hospitali Baghdad, mji wa makhalifa, na mwishowe akarejea kwao.

Ibn an-Nadim, muuza vitabu wa Baghdad aliyeandika orodha mashuhuri ya vitabu vya zama zake, ametuachia picha yake uzeeni. Alikuwa ni shekhe mwenye kichwa kikubwa, akikaa barazani na wanafunzi wakimzunguka kwa safu. Mgonjwa alipoingia, alieleza shida yake kwanza kwa wanafunzi wa safu ya nje. Wakiwa na jibu, yamekwisha. Wasipokuwa nalo, alipelekwa kwa safu ya pili iliyo ndani yake, na hao nao wakishindwa, ndipo ar-Razi mwenyewe aliposema. Na alikuwa mkarimu, mwenye huruma kwa mafakiri, akiwatibu na hata kuwapangia posho. Aliwaandikia kitabu chao kabisa, kwa ajili ya mtu asiyeweza kumpata tabibu, na ndani yake akaeleza dawa za vitu vinavyopatikana jikoni na sokoni. Mimi nadhani hicho ndicho kitabu chake kilichowafaa watu wengi zaidi, ingawa wataalamu hukitaja kwa haraka haraka na kukimbilia vile vikubwa.

Ipo hadithi moja ambayo husimuliwa kila atajwapo. Yasemwa kwamba alipotakiwa achague mahali pa kujenga hospitali mpya Baghdad, alitundika vipande vya nyama katika mitaa mbalimbali ya mji, akangoja, na pale ambapo nyama ilichelewa kuoza ndipo alipochagua. Ni hadithi tamu. Ila hospitali inayotajwa, ile ya Adud ad-Dawla, ilifunguliwa mwaka 372 Hijria, na wakati huo ar-Razi alikuwa kaburini kwa zaidi ya nusu karne. Hata hivyo hadithi yenyewe yatuonyesha jinsi watu wa zama zile walivyofikiri: hewa ikioza, mwili nao huoza. Ni ile ile hewa mbaya ya Waitalia.

Sasa, ili tufahamu kazi ya ar-Razi yatupasa tujue yeye mwenyewe aliamini nini. Matabibu wote wa wakati ule, Waislamu, Wakristo na Mayahudi, walifuata mafundisho ya Wayunani, khasa ya Jalinusi. Mwili wa mwanadamu, walisema, una maji manne ndani yake: damu, balghamu, safura, ambayo ni nyongo ya manjano, na sauda, ambayo ni nyongo nyeusi. Kila moja lina tabia yake ya joto au baridi, ya umajimaji au ukavu. Yakilingana, mtu ni mzima. Moja likizidi, ni mgonjwa.

Msomaji wa pwani hana haja ya kwenda mbali kuyatafuta mafundisho hayo, kwani yamo kinywani mwake. Tusemapo baridi yabisi twasema baridi kavu, na hilo ni fungu zima kutoka katika elimu ya Jalinusi lililokuja kwetu kwa Kiarabu. Balghamu tunayoitema ni ile ile. Safura kwetu imegeuka kuwa ugonjwa wa kupungukiwa na damu na kuvimba, lakini jina ni la ile nyongo ya manjano. Na bibi zetu wanapomkataza mzazi chakula hiki kwa kuwa ni cha baridi, na kumhimiza ale kile kwa kuwa ni cha moto, wala hawazungumzii chungu kilicho mekoni, basi wanatoa hukumu ambayo mwanafunzi wa ar-Razi katika safu ya nje angeikubali bila ya ubishi.

Humo ndimo alimokulia. Na kitabu chake kilichompa jina kuliko vyote, kile cha ndui na surua, kimejengwa juu ya msingi huo.

Kabla yake wapo waliotaja magonjwa hayo, lakini ni yeye aliyekaa akayatenganisha kwa utaratibu, alama kwa alama. Mtoto akiwa na homa na hajatoka vipele bado, utajuaje kuwa hii itakuwa ndui na si surua? Ar-Razi alisema utazame maumivu ya mgongo, kwani hayo yana nguvu zaidi katika ndui. Kichefuchefu na wasiwasi huzidi katika surua. Aliandika juu ya pua kuwasha na mtoto kugutuka usingizini kwa hofu. Aliandika vipele gani vina heri na vipi ni vya hatari. Na akatumia kurasa nyingi kueleza namna ya kuyalinda macho, kwa maji ya waridi na kwa wanja, kwa sababu ndui ilipofua watu wengi sana. Sidhani kama ungeweza kuandika namna hii kwa kusoma tu. Lazima uwe umekaa kando ya vitanda vya watoto, usiku na mchana, na kuwaona wakipona na kuwaona wakifa.

Lakini ndui hutoka wapi? Hapa jibu lake lafaa tulieleze kwa makini. Alisema kwamba damu ya mtoto ni kama maji ya zabibu yaliyokamuliwa sasa hivi, ambayo hayajachacha. Damu ya kijana ni kama maji hayo yakiwa yameanza kuchacha na kutoa povu. Damu ya mzee ni kama kile kilichokwisha kuchacha zamani na kupoteza nguvu zake. Ndui, basi, ni ule mchemko ambao kila damu sharti ipitie ili ikomae. Anayetaka kuelewa na atazame unga wa mkate wa kumimina uliotiwa hamira na kuachwa juani: unaumuka, unatoa mapovu, kisha unatulia na hauumuki tena. Surua nayo, alisema, hutokana na damu iliyochanganyika na safura nyingi.

Uzuri wa fikra hiyo ni kwamba ilieleza mambo mawili ambayo kila mtu aliyaona. Kwanza, kwa nini karibu kila mtoto alipatwa. Pili, kwa nini aliyepona hakupatwa mara ya pili. Wala haikumhitaji shetani, nyota, wala mungu wa kike mwenye hasira. Ubaya wake ni kuwa haikuwa kweli. Sisi leo twajua kwamba ndui ililetwa na virusi, vijidudu vidogo mno visivyoonekana kwa darubini ya kawaida, na kwamba ilikwenda kutoka mtu hadi mtu. Surua ni vivyo hivyo, ila kirusi chake ni kingine. Kwa kuwa ar-Razi aliamini kwamba chanzo kimo ndani ya damu tangu mtoto azaliwe, kitabu chake cha ndui hakikushughulika na kuambukizana, jambo ambalo huenda mama yeyote wa Baghdad mwenye watoto watano angeweza kumdokezea.

Basi mtu aweza kuuliza: ikiwa na yeye alikosea chanzo, ana tofauti gani na mwenye kusema ni ndege wa usiku? Swali hilo limenishughulisha sana nilipokuwa nikisoma habari zake, na jibu nalipata katika daftari zake zaidi kuliko katika vitabu alivyovikamilisha.

Ar-Razi alikuwa na desturi ya kuandika kila mgonjwa aliyemtibu: alilalamika nini, alipewa nini, ikawaje. Kuna mmoja aliyekuwa na homa za ajabu. Mara zilimjia kila siku, mara siku moja baada ya nyingine, mara kila baada ya siku tatu, mara kila baada ya siku sita, na hutanguliwa na mtetemo mdogo. Naye alikuwa akienda haja ndogo mara kwa mara. Ar-Razi alisema kuwa huenda zitageuka zikawa homa za vipindi tulizozizoea, au huenda figo zina kidonda. Haukupita muda mwingi mgonjwa akatokwa na usaha katika mkojo, na homa zikakoma. Kilikuwa ni kidonda cha figo.

Angeweza kuishia hapo na kujisifu. Badala yake aliandika ni kitu gani kilichomzuia kuwa na hakika mapema. Mgonjwa alikuwa na historia ya homa za vipindi, na hilo likamvuta upande huo. Mgonjwa hakutaja kwamba anahisi uzito kiunoni anaposimama, na yeye, ar-Razi, hakumuuliza, ilhali ilimpasa amuulize. Aliyaandika hayo kwa mkono wake, mkuu wa hospitali, mtu ambaye watawala walimwita wakiugua. Mimi nimeona matabibu wengi na waganga wengi, na daftari za namna hiyo sijaziona nyingi. Na nafikiri pia juu ya homa zetu za pwani, ambazo zote tumezipa jina moja, na juu ya wangapi waliokuwa na kidonda cha figo, au homa ya matumbo, au kichomi, na wakanywa vidonge vya malaria mpaka wakazidiwa.

Alifika mbali zaidi. Katika ugonjwa wa kuvimba utando wa ubongo alitaka kujua kama kumtoa mtu damu kwafaa kitu. Wenzake wote walitoa damu kwa kuwa Jalinusi kasema. Ar-Razi aliwagawa wagonjwa: kundi moja akalitoa damu, la pili akaliacha makusudi, ili alinganishe. Akaona waliotolewa damu walinusurika, akahukumu kwamba kutoa damu kwafaa. Leo hakuna tabibu atakayekubali hukumu hiyo, na ni haki kumsikitikia aliyekuwa katika kundi asilolichagua. Ila njia yenyewe, ya kuweka makundi mawili na kulinganisha, ndiyo hiyo hiyo inayopimiwa dawa zote mpya hivi leo. Na huyo Jalinusi aliyeheshimiwa na kila mtu, ar-Razi alimwandikia kitabu kizima cha shaka, akitaja sehemu ambazo maneno ya bwana mkubwa hayakukubaliana na yale aliyoyaona kwa wagonjwa.

Kitabu hicho kilimletea maadui. Maneno yaliyonasibishwa naye juu ya utume na dini yalimletea wengi zaidi, na humu gazetini sitaki kuyaficha wala kuyakuza. Mengi katika hayo tunayapata kwa kalamu za wapinzani wake waliojadiliana naye, na vitabu vyenyewe havikubaki. Wanazuoni wa Kiislamu waliomkataa katika falsafa waliendelea kumsoma katika tiba, na nadhani walifanya sawa. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alitufundisha tutafute dawa, kwa kuwa Mola hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia na tiba yake. Wala hakutuwekea sharti la kumhoji kwanza mwenye dawa.

Ama waganga wa uongo, hao ar-Razi aliwaandama bila ya huruma. Katika kitabu alichomwandikia Mansur bin Is-haq, mtawala wa Rayy, ameweka sehemu mahususi ya kufichua hila zao. Kuna anayedai kutibu kifafa, akachanja kisogo cha mgonjwa kwa alama ya msalaba, kisha akatoa vitu alivyokuwa amevificha mkononi na kuwaonyesha watu kuwa vimetoka kichwani. Kuna anayetoa mijusi puani. Kuna atoaye chura chini ya ulimi. Na kuna yule atoaye wadudu katika jino bovu, baada ya kuwa kawatia yeye mwenyewe. Nilipoisoma orodha hiyo nilicheka peke yangu, maana mji gani wa pwani yetu haujapata kuona mganga akipiga chuku na kutoa msumari, nywele au kipande cha chupa katika mwili wa mtu asiyekuwa na hata alama ya jeraha? Miaka elfu na zaidi imepita, na mkono ule ule umefumba kitu kile kile.

Hakukomea katika kuwalaumu. Alijiuliza pia kwa nini watu huwakimbia matabibu hodari na kuwafuata wajinga, akaliandikia suala hilo risala. Aliandika nyingine kueleza kuwa tabibu, hata akiwa hodari vipi, hawezi kuponya kila ugonjwa. Hayo mawili yaende pamoja. Tabibu mkweli husema sijui, au husema hauponi; mganga wa uongo ana chanzo kwa kila ugonjwa na tiba kwa kila chanzo. Mwenye mtoto mgonjwa mikononi huenda kwa yule mwenye jibu.

Na hapa ndipo mambo haya yanapoacha kuwa hadithi za kale. Pwani ya Kenya na ya Tanzania imeenea imani kuwa mtoto wa degedege akidungwa sindano hufa. Imani hiyo haikuzuka bure: watoto wengi walifikishwa hospitali wakiwa katika pumzi za mwisho, baada ya siku nzima ya kufukizwa na kufungiwa hirizi, wakadungwa na wakafa, na waliokuwapo wakaikumbuka sindano wakausahau ule ucheleweshaji. Degedege aghalabu ni homa iliyopanda, na katika nchi zetu malaria ni miongoni mwa mambo yanayoileta zaidi. Mimi sikanushi jicho wala sikanushi majini, kwani dini imeyataja. Lakini kusema kuwa kitu kipo si sawa na kusema kuwa ndicho kilichomshika mtoto huyu, leo, katika homa hii. Asomewe, na apelekwe hospitali saa hiyo hiyo; kisomo hakizuii safari.

Jambo moja dogo nalipenda mno katika kazi zake. Alikuwapo mwanachuoni mashuhuri, Abu Zayd al-Balkhi, ambaye kila yanapochanua mawaridi alishikwa na mafua. Watu wangeweza kusema mengi juu ya mafua yajayo na kuondoka kila mwaka kwa wakati wake. Ar-Razi aliandika risala kueleza kwamba ni harufu ya yale mawaridi, na akashauri namna ya kujikinga. Hiyo yahesabiwa miongoni mwa habari za mwanzo kabisa kuandikwa juu ya maradhi ambayo leo huitwa mzio. Hakuwa na haja ya nyota. Alitazama ni lini mtu anaumwa, na ni nini kilichochanua.

Uzeeni alipofuka. Kwa maelezo ya watu, ilikuwa ni mtoto wa jicho. Na hapo yule aliyetafuta chanzo cha maradhi ya watu akawa yeye mwenyewe ndiye anayetafutiwa chanzo. Ibn an-Nadim alisema ni kwa sababu ya kula sana baqilla, yaani yale maharagwe mapana. Al-Biruni, mwanachuoni aliyeorodhesha vitabu vyake vyote na kuhesabu zaidi ya mia na themanini, alikubali habari ya maharagwe, lakini akaongeza kwamba ar-Razi alikuwa akisoma usiku na taa kaiweka katika shubaka, akauegemeza mwili wake na kitabu chake ukutani, ili usingizi ukimshika kitabu kianguke na kumwamsha. Wengine wakasema ni moshi wa madawa ya alkemia. Na wako waliosema ni kwamba mtawala mmoja, alipoona dhahabu haipatikani, aliamuru apigwe kichwani kwa kitabu chake cha alkemia. Macho mawili, visababu vinne! Nasi tunaojua kuwa mtoto wa jicho huwajia wazee wengi kwa umri tu, tungependa kuona yeye mwenyewe angeandika nini katika daftari lake. Husimuliwa kuwa aliletewa mtu wa kumpasua, akamuuliza jicho lina tabaka ngapi. Alipoona hajui, akamrudisha.

Alifariki Rayy mwezi wa Shaabani mwaka 313, yaani Oktoba 925. Daftari zake zilibaki kwa dada yake. Waziri Ibn al-Amid alizinunua kwake, akawakusanya wanafunzi wa marehemu wazipange, na hivyo kikapatikana al-Hawi, kitabu kikubwa ambacho mwaka 1279 kilitiwa katika Kilatini na Faraj bin Salim, Myahudi wa Sicily, kikasomeshwa Ulaya karne baada ya karne. Kile cha ndui kiliendelea kutafsiriwa hata baada ya kupatikana chanjo. Tafsiri ya Kiingereza ya William Greenhill ni ya mwaka 1848.

Mgonjwa wa mwisho duniani kupata ndui kwa njia ya kawaida alikuwa mtu wa pwani, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Merca huko Somalia, mji ulio juu kidogo ya Barawa. Alikuwa hajachanjwa, kwa kuiogopa ile chanjo. Mwezi wa Oktoba 1977 aliwaonyesha njia watu waliokuwa wamewachukua watoto wawili wenye ndui, akakaa nao garini kwa dakika chache. Homa ilipompanda, kwanza alitibiwa malaria. Vipele vilipotoka, ikasemwa kuwa ni tetekuwanga. Hatimaye ikajulikana, akatengwa, akapona, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kuwa ndui imekwisha ulimwenguni. Miaka mingi baadaye Maalin alijitolea kuzunguka nchini mwake akiwaeleza wazazi wasiogope chanjo ya polio kama yeye alivyoiogopa ile ya ndui. Alikuwa katika kazi hiyo mwaka 2013 aliposhikwa na homa iliyomuua, na safari hiyo ilikuwa ni malaria kweli.